Mtihani wa Mtu Mmoja

Herufi iliyokuwa mbele ya namba ya Kemuma muhula uliopita ilikuwa I, na sasa ilikuwa F. Hakuna aliyempigia simu kumwambia. Aliiona mwenyewe kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, Jumatatu moja saa nne asubuhi, baada ya kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya nusu siku na kutoka Birongo hadi Kisii mjini akiamini anakwenda kupimwa joho la mahafali. Akaifuata namba yake kwa kidole mara tatu. Kozi kumi na moja zilikuwa safi. Ya kumi na mbili, Mbinu za Utafiti, ndiyo iliyokuwa imeharibika.

Alimkuta Daktari Onyiego, mhadhiri wa kozi hiyo, ofisini kwake akila njugu kutoka kwenye droo.

"I si alama, mwalimu," Onyiego alimwambia. "Ni njia ya kusema kazi ya mtu haijakamilika. Tunaiacha mihula miwili. Ikiisha na mimi sina karatasi mkononi, mtambo wenyewe unaigeuza F. Mimi siigusi."

"Lakini mtihani nilifanya, daktari. Ule maalum. Mwezi wa tatu."

"Najua ulipangiwa, niliutunga mimi. Nikangoja kijitabu chako cha majibu, sikukiona. Nikasema labda hukuja, una mtoto mchanga."

"Hukuniuliza."

"Nina wanafunzi mia mbili na kumi." Alifunga droo. "Ulisimamiwa na nani?"

Wenzake Kemuma walipofanya mtihani huo mwaka jana, yeye alikuwa wodini akimzaa Ronny, na ndiyo sababu alipewa I na kuruhusiwa kuufanya baadaye peke yake, katika ofisi ya wanafunzi wa uzamili. Siku ilipofika, msimamizi aliyepangwa alikuwa karani wa ofisi hiyo, Mzee Nyangate. Na Mzee Nyangate ni mdogo wa marehemu baba yake Omwenga, mume wa Kemuma. Kwa hiyo ni baba mkwe wake, tena aliye hai.

Hapo ndipo penye ugonjwa wote. Kwa Wagusii kuna kitu kinaitwa chinsoni, heshima ya haya kati ya mtu na mkaza mwana wake, na hata ukisoma hadi macho yakaingia ndani huachi kuijua. Hawapeani mikono. Hawakai wawili chumbani. Kila Sabato, ibada ikiisha, Mzee Nyangate husimama mlangoni na wazee wengine wa kanisa kuwapa waumini mkono, na Kemuma akifika mbele yake, mzee huweka mikono nyuma na kutazama paa. Kanisa zima hupenda kuona hivyo. Huyo ndiye mkaza mwana aliyelelewa, husema.

Basi siku ya mtihani, mzee aliweka maswali na kijitabu mezani, akatoka, akaketi kwenye korido akiwa ameupa mlango mgongo. Kemuma aliandika saa tatu peke yake. Alipomaliza alipaswa kumkabidhi msimamizi kijitabu mkononi, kisha wote wawili watie sahihi kwenye rejista. Angemwitaje? Angemsukumiaje kalamu, wainame wote wawili kwenye ukurasa mmoja? Alikiacha kijitabu mezani, akapita pembeni mwa mzee ameinamisha kichwa, akaenda zake. Aliona amefanya vyema, na mzee naye aliona vivyo hivyo.

"Ni Mzee Nyangate," alimjibu Onyiego.

"Basi kazi ni rahisi. Nenda akuonyeshe sahihi yako."

*

Katika ofisi ya uzamili alimkuta Celestine, katibu mhtasi, kijana mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau. Mzee Nyangate alikuwa kwenye meza ya ndani. Alipomwona Kemuma alianza kupanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

"Celestine," Kemuma alisema, "naomba mzee aulizwe kuhusu mtihani wangu wa mwezi wa tatu."

Celestine aliwatazama wote wawili. "Si ako hapo? Muulize tu."

Hatimaye mzee alileta rejista mwenyewe, akaiweka mbele ya Celestine, akarudi kwenye kiti chake. Jina la Kemuma lilikuwepo, limepigwa chapa. Nafasi ya sahihi ya mwanafunzi ilikuwa tupu, na ya msimamizi tupu.

"Mwambie mwalimu," mzee alisema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, akitazama dirisha, "kwamba rejista ndiyo inayosema. Mimi ni karani tu."

Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile anayoombea chakula. Kemuma alihisi machozi yakimpanda puani na akakataa kuyaachilia mbele ya kucha za zambarau. Aliuliza tu angefanya nini. Celestine alimpa fomu ya rufaa na kumwambia kamati inakaa baada ya wiki mbili, aje na ushahidi.

*

Kilichokuwa hatarini kilikuwa wazi kwa kila mtu nyumbani. Miaka kumi na mmoja Kemuma alikuwa amefundisha watoto wa darasa la nne, sasa wakiwa sitini na wanne katika chumba kimoja. Chuo kimoja cha walimu upande wa Keroka kilikuwa kimempa nafasi ya ukufunzi, kwa sharti kwamba cheti cha uzamili kifike mezani kabla ya Januari. Na mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho chuoni; baada ya Desemba usajili unakufa, na kozi zote kumi na mbili zinakufa nao. Alisoma likizo baada ya likizo, tumbo likiwa kubwa, mtoto akiwa mgongoni. Hakuwa na mwaka mwingine mfukoni.

"Baba mdogo hawezi kufanya kitu kama hicho kwa makusudi," Omwenga alisema. Alikuwa amerudi kutoka dukani kwake Keroka, saruji bado kwenye nyusi.

"Sijasema ni makusudi. Nimesema alikuwa pale, na anajua niliandika."

"Labda amesahau."

"Baba Ronny, mtu anayekumbuka ng'ombe wa mahari yangu mmoja mmoja na rangi zao?"

Omwenga alipangusa nyusi. Baba yake alikufa yeye akiwa darasa la saba. Aliyempeleka sekondari, aliyemnunulia godoro na sanduku la bati, aliyekwenda kumposea Kemuma, ni huyu mzee. Mama yake Omwenga, Bitutu, alikuwa kwenye kigoda akimnywesha Ronny uji.

"Kuna mambo mtu huyameza," Bitutu alisema bila kuinua macho. "Mimi nimeyameza mengi katika boma hili."

Kemuma alimheshimu sana mama huyu, na wakati huohuo alitaka kumpokonya mtoto atoke naye nje. Hakufanya hivyo. Aliosha vyombo.

*

Watoto wa boma la Mzee Nyangate walijulikana shuleni kwa majalada ya daftari zao. Wengine walifunika kwa magazeti au karatasi za sukari. Wao walifunika kwa karatasi nyeupe, nzito, za chuo kikuu. Mzee alizileta kila Ijumaa, matangazo ya zamani na makaratasi ya kutupwa, na hakuwa mchoyo, hata majirani walipata.

Alhamisi Kemuma alikuwa akisahihisha hesabu. Alifika kwenye daftari la Valentine, mjukuu wa mzee, akatia vema tano na kosa moja, akalifunga. Kisha akaona mwandiko wake mwenyewe. Ulikuwa kwenye jalada, kwa wino wa buluu, herufi zimelalia kulia kama anavyoziandika akiwa na haraka. *Swali la kwanza. Sampuli ni.* Akaiweka kalamu nyekundu chini.

"Valentine, jalada hili umelitoa wapi?"

"Babu alituletea, mwalimu."

"Lini?"

"Muhula wa kwanza. Tulikuwa nazo nyingi, zingine akapewa Mose wa jirani, zingine zikawashiwa moto."

Jioni ile alinunua magazeti ya zamani sokoni, akapita nyumba kwa nyumba kama mtu wa sensa. Kila daftari alilolivua jalada alilifunika upya. Watoto walifurahi, mama zao walishangaa, na yeye alitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Alipata karatasi tatu kubwa kati ya tano. Swali la kwanza lilikuwa zima. La pili lilipatikana nusu, na doa la mafuta juu yake. La tatu, ambalo alilijibu vizuri kuliko yote, lilikuwa limechemsha chai katika jiko la nani hajui.

Alipozipanga karatasi kitandani, alilia kwa sauti. Si kwa furaha. Alijua sasa ana kitu cha kupeleka, na akikipeleka kitamwangukia nani.

*

Mzee alikuja Jumapili mchana. Habari za majalada zilikuwa zimemfikia kabla magazeti hayajakauka gundi. Aliketi uani na Bitutu. Kemuma alikuwa jikoni akimenya ndizi, ukuta wa mbao kati yao, na mzee alisema kwa sauti ya kutosha kuvuka mbao.

"Mama Omwenga, siku ile niliona vibaya kuingia kabla mama Ronny hajafika mbali. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mfagiaji alikuwa amekusanya karatasi zote za mezani pamoja na zile za kutupwa. Nikazibeba kama siku zote."

"Ulijua lini?" Bitutu aliuliza.

"Mwezi wa nne. Niliona mwandiko kwenye daftari la Valentine, nikatambua ni karatasi ya mtihani."

Kisu cha Kemuma kilisimama kwenye ndizi. Mwezi wa nne pengine kijitabu kizima kilikuwa bado kwenye majalada ya daftari. Mwezi wa nne ilikuwa ni I tu, jambo la kumaliza kwa dakika tano.

"Na hukurudisha," Bitutu alisema.

"Ningerudisha nikisema nini? Kwamba msimamizi alikuwa koridoni, hakuona mtihani ukiandikwa wala ukikusanywa? Hilo ni kosa la kufukuzwa. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Mwambie mama Ronny, kozi hurudiwa. Mimi siwezi kurudia miaka thelathini na mmoja."

Bitutu aligeuza kichwa kuelekea jikoni, ingawa alijua yamesikika. "Umesikia, mama."

"Mwambie nimesikia," Kemuma alisema. "Mwambie nilikuwa namheshimu ndiyo maana sikumletea kalamu. Na mwambie sina mwaka wa kurudia."

Kisha akasikia kigoda kikisogezwa, na fimbo ya mzee ikienda polepole hadi getini.

Omwenga alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni muda huo wote. "Sikukatazi," alimwambia. "Lakini ukienda, nenda peke yako. Mimi sitaweza kukaa katika chumba hicho."

"Hata mimi siwezi," Kemuma alisema. "Ndiyo tofauti yetu, wewe una ruhusa ya kutoweza."

*

Kamati ilikuwa na watu watano na chupa tano za maji. Profesa Mogaka aliongoza, Daktari Onyiego alikuwepo, Celestine aliandika kumbukumbu. Kemuma aliweka karatasi tatu mezani, alama za mikunjo ya daftari bado juu yake.

"Huu ni mwandiko wako, na haya ni maswali yangu," Onyiego alisema baada ya kusoma. "Hayakuwahi kutolewa kwa mtu mwingine."

"Yamekuwaje majalada ya daftari?" Profesa aliuliza.

Kemuma alikuwa ameazimia kusema "yalichanganyika" na kuishia hapo. Alilisema.

"Yalichanganyika mikononi mwa nani, mwalimu? Msimamizi alikuwa wapi?"

"Nje, koridoni."

"Kwa saa tatu?"

"Ndiyo."

"Jina lake tunalo, lakini kanuni inataka ulitaje wewe."

Alilitaja. Alilitaja jina kamili, la baba mkwe, ambalo katika miaka tisa ya ndoa hajawahi kulitamka mbele ya watu hata mara moja isipokuwa kwa Onyiego siku ile. Profesa Mogaka, ambaye ana wakaza mwana wawili kwake Nyamarambe, alitazama chupa yake ya maji.

Mzee aliitwa. Alisimama karibu na mlango, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote.

"Ni kweli ulikaa nje?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hukukaa ndani kama kanuni inavyosema?" aliuliza mwanakamati mmoja, mama kutoka Eldoret, ambaye kwa haki kabisa hakuelewa.

"Yule ni mke wa mwanangu, madamu. Ningekaa naye wapi?"

"Basi ungekataa kusimamia."

Mzee alifikiri. "Ningekataa, wangesema karani anachagua kazi," alisema. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Alipotoka hakumtazama Kemuma, lakini hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote, kwa hiyo haikuwezekana kujua lolote.

Uamuzi ulitolewa siku hiyohiyo. F iondolewe. Onyiego asahihishe kilichopo, na mhadhiri wa pili atie sahihi. Mtihani maalum wa mtihani maalum kanuni haiujui. Na karani akae nyumbani uchunguzi ukiendelea, kiinua mgongo chake kisimame.

*

Ijumaa iliyofuata Onyiego alimwita. Safari hii droo ilikuwa imefungwa.

"Kazi za muhula ulikuwa na ishirini na saba kwa arobaini," alisema. "Mtihani ni maswali matatu, kila moja ishirini. La kwanza nimekupa kumi na nne, na ni alama nzuri sana kwa kozi hii. La pili, nusu iliyopo, saba. La tatu siwezi kusahihisha nisichokiona."

Kemuma alikuwa mwalimu. Alishajumlisha kabla hajamaliza kusema.

"Arobaini na nane," alisema.

"Arobaini na nane."

"Wanafunzi wako wa digrii ya kwanza wanapita kwa arobaini."

"Wanapita. Hata mmoja wao angepata arobaini na moja ningempa D akaenda zake na joho. Ninyi wa uzamili ni hamsini. Chini ya hapo hakuna D, hakuna E, ni F tu." Alisugua macho. "Ile nusu ya swali la pili nimeisoma mara nne nikitafuta mbili. Mwenzangu naye ameisoma. Sasa wote wanaitazama, mwalimu. Kama ningekuwa peke yangu..."

Kemuma alimshukuru, kwa sababu alifundishwa kushukuru. Ngazi za jengo lile zilikuwa hamsini na mbili. Alizihesabu zote akishuka, na hakujua kwa nini alikuwa anahesabu.

Nyumbani Omwenga alimuuliza kwa macho, naye akamwambia namba. Omwenga aliketi kitandani, akasema pole, akaisema tena. Kisha akasema, "Na mzee je?" Kemuma alivua viatu, akavisukuma chini ya kitanda. Bitutu alimletea uji, akauacha mezani, akatoka.

*

Sabato walikwenda kanisani kama kawaida. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, Ronny begani. Mahubiri hakuyasikia. Ibada ilipokwisha, watu walitoka kwa mstari mmoja, na wazee wakajipanga mlangoni kuwapa mkono. Mzee Nyangate alikuwa wa tatu, koti lilelile.

Omwenga alitangulia. Mzee alimsalimia kwa Ekegusii, akamuuliza habari za duka, akamshika bega. Kisha akafika Kemuma. Alisimama kama alivyozoea, kichwa chini, akingoja ile mikono iende nyuma ili apite.

Mikono haikwenda nyuma. Mzee alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipoletwa katika boma lile, na akanyoosha mkono wa kulia.

"Habari yako, mwalimu," alisema kwa Kiswahili, lugha aliyowawekea wageni na watu wa ofisini, si watu wa boma lake.

Nyuma yao mtu alivuta pumzi. Bitutu alikuwa amesimama na Biblia kifuani. Omwenga alikuwa hatua mbili mbele, amegeuka, anatazama viatu vyake. Mkono wa mzee ulibaki pale hewani, mkavu, wenye madoa ya wino.

Mstari ulikuwa mrefu na watu walikuwa wanangoja. Kemuma alimhamishia Ronny bega la kushoto, akampa mzee mkono.

"Nzuri," akajibu, kwa Kiswahili pia. "Habari yako, mzee."